Masurufu ya Saa ya Mwisho



Dominika ijayo tunaadhimisha Sherehe ya Mwili na Damu Takatifu ya Kristo. Kama ilivyo desturi yetu, baada ya Misa ya pili tutatoka kwa maandamano ya Ekaristi, tutasimama mbele ya altare nne zitakazoandaliwa na Jumuiya, kisha tutarudi kanisani kwa Baraka Kuu. Mwaka huu wanakwaya wameniomba ruhusa ya kuimba, wakati wa Komunyo, wimbo wa Kilatini uitwao «Ave verum corpus», katika muziki wa Wolfgang Amadeus Mozart. Nimewaruhusu. Baadhi yenu mmenifuata sakristia na kuniuliza kwa upole: Padre, kwa nini tuimbe Kilatini, tena muziki wa Mzungu aliyekufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, ilhali tunazo nyimbo zetu nzuri za Ekaristi?

Swali hilo ni halali. Ningeweza kulijibu kwa kuwakumbusha kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusyo juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulizipa lugha zetu nafasi kubwa, lakini pia ulitaka hazina ya muziki mtakatifu itunzwe kwa uangalifu. Jibu hilo ni sahihi, nanyi mngelipokea. Hata hivyo, juma hili napenda niwajibu kwa namna nyingine, kwa sababu wimbo huo na mimi tuna historia, na historia hiyo ina deni ambalo sijawahi kuwasimulia.

Tuanze na wimbo wenyewe. Katika mwezi wa Juni 1791 Mozart alikuwa na umri wa miaka 35. Alikuwa akiishi Vienna, mji mkuu wa Austria, akiwa na kazi nyingi na madeni yasiyopungua. Mkewe, Constanze, alikuwa mjamzito na afya yake haikuwa nzuri. Kwa hiyo alikaa Baden, mji mdogo wenye chemchemi za maji ya moto, umbali wa kilometa zipatazo 25 kusini mwa Vienna. Walikuwa wamekwisha kujaliwa watoto watano, na wanne kati yao walikuwa wamekufa wakiwa wachanga. Tukumbuke jambo hilo tunapomsikiliza mtu huyu akiomba juu ya kifo. Hakukijua kifo kwa kukisoma vitabuni. Kilikuwa kimebisha hodi mlangoni pake mara nne.

Huko Baden aliishi mtu aitwaye Anton Stoll. Alikuwa mwalimu wa shule na pia kiongozi wa kwaya ya kanisa la parokia. Nadhani hapa wengi wenu mnatabasamu, maana watu wa namna hiyo tunawafahamu sana: mchana chaki mkononi, jioni mazoezi ya kwaya, na kwa hayo ya pili malipo yake ni shukrani tu, ikiwa shukrani yenyewe imekumbukwa. Stoll alikuwa rafiki wa Mozart. Alikuwa ameombwa amtafutie Constanze chumba cha kupanga, tena kiwe cha chini, asisumbuliwe na ngazi. Naye Mozart akamwandikia rafiki huyu wimbo. Aliutia tarehe 17 Juni 1791, siku sita kabla ya sherehe ya Ekaristi ya mwaka ule, iliyoangukia Alhamisi ya tarehe 23.

Fundi mkubwa anapomwandikia mtu wa parokia ndogo, aweza kufanya mambo mawili. Aweza kumpa makombo ya kazi zake kubwa, au aweza kujionyesha, akaandika jambo gumu ili watu waseme, «Huyu ndiye». Mozart hakufanya hata moja kati ya hayo. Wimbo mzima una vipimo 46 tu, yaani yale mafungu madogo yanayotengwa kwa mistari wima kwenye karatasi ya nota. Ukiuimba bila haraka, unakwisha kwa dakika tatu hivi. Sauti ni nne, zikisindikizwa na fidla na ndugu zake pamoja na kinanda. Hakuna mwimbaji wa peke yake. Hakuna mahali ambapo soprano anapewa nafasi ya kushangiliwa. Na mwanzoni kabisa Mozart aliandika agizo moja kwa Kiitaliano, «sotto voce», maana yake: imbeni kwa sauti ya chini. Hakuandika jingine. Hakusema baadaye pazeni, wala hapa ongezeni nguvu. Katika kipindi hicho hicho alikuwa akitunga opera ya «Die Zauberflöte», iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 30 Septemba mwaka huo. Alijua vema namna ya kuujaza ukumbi kwa sauti. Mbele ya Ekaristi aliona inafaa kunong'ona.

Maneno yenyewe ni ya kale zaidi yake. Yalitungwa katika Zama za Kati na yanapatikana katika maandiko ya karne ya 14. Waamini waliyatumia kama sala ya kuabudu wakati padre alipoinua Hostia katika Misa. Yanausalimu Mwili wa kweli, uliozaliwa na Bikira Maria, ukateswa na kutolewa sadaka msalabani kwa ajili ya wanadamu. Yanautaja ubavu uliochomwa, ukatoka maji na damu. Kisha, baada ya kutazama yote hayo, mwamini anaomba jambo moja tu. Haombi mvua, wala ada za shule, wala ushindi juu ya adui zake. Anaomba kwamba Mwili huo uwe kwake kionjo, utangulie kuonjwa, pale atakapoingia katika jaribio la kifo. Neno la Kilatini lililotumika hapo, «examen», zamani lilikuwa pia jina la ulimi wa mizani, ile sindano inayoonyesha upande uliozidi. Mtu anasimama kwenye mizani, naye anaomba asisimame akiwa na njaa.

Sikilizeni, Dominika ijayo, jinsi Mozart alivyoyashughulikia maneno hayo. Karibu wimbo wote sauti nne zinakwenda pamoja, kama watu wa nyumba moja wanaosali rozari. Zinapofika kwenye ubavu uliochomwa, muziki unahama kutoka makao yake ya mwanzo, ukapata rangi nyingine, kama chumba ambamo taa imesogezwa. Na zinapofika kwenye ombi la mwisho, ndipo zinapoachana: wanawake wanatangulia, wanaume wanafuata nyuma yao kwa maneno yale yale. Kisha wote wanakutana tena katika neno la kifo, nalo linarudiwa na kuvutwa kwa muda mrefu, kana kwamba mtunzi hataki walivuke haraka. Katika vitabu vya sala, utenzi huu unaendelea baada ya hapo: unamwita Yesu kwa majina ya utamu na huruma, Mwana wa Maria. Mozart hakuyatia muziki maneno hayo. Waimbaji wake wananyamaza kwenye saa ya kufa, na vyombo peke yake vinamalizia kwa upole.

Sasa niwaambie habari ya deni langu.

Wimbo huu nilijifunza seminarini. Nakala yetu ilikuwa ya do-re-mi, imedurufiwa mara nyingi hata nota nyingine tulizisoma kwa kukisia, na juu yake imeandikwa kwamba Do ni D. Niliupenda upeo. Nilipopewa daraja na kupelekwa kusaidia katika parokia ya mashambani, mbali na hapa, nilikuta kwaya changamfu isiyojua hata wimbo mmoja wa Kilatini. Katika mwaka wangu wa pili wa upadre nikaazimia kwamba kwenye sherehe ya Ekaristi wataimba «Ave verum» ya Mozart. Askofu alikuwa anakuja kutoa Kipaimara siku hiyo hiyo. Kwa unyofu wa moyo niwaambie: nilitaka Askofu asikie.

Jumamosi, mkesha wa sherehe, tulikuwa kanisani tangu saa nane mchana. Kwenye saa kumi hivi aliingia kijana mmoja kutoka kigango cha mbali, miguu yake na baiskeli yake vimejaa vumbi. Alingoja kwa heshima hadi tulipofika mwisho wa ubeti, ndipo akasogea.

«Tumsifu Yesu Kristo, Padre.»

«Milele na milele, amina. Karibu, kijana wangu.»

«Padre, bibi amezidiwa. Anaomba umpelekee Komunyo.»

Nilimfahamu bibi yake. Alikuwa mgonjwa kwa miezi mingi, na mara mbili kabla ya hapo tuliitwa kwa haraka tukamkuta ameketi akichambua maharage. Nikamwambia kijana: «Mwambie bibi nitakuja. Tukimaliza tu hapa, nakuja.» Akaitikia, «Asante, Padre,» akapanda baiskeli yake akarudi.

Nasi hatukumaliza. Tulikuwa tumekwama mahali pale nilipowaeleza, pale ambapo wanaume wanaingia nyuma ya wanawake. Tenor waliwahi, besi walichelewa. Wakirekebishwa hawa, wanaharibu wale. Nikarudia, nikarudia tena. Nilikuwa nikisimama mbele ya watu thelathini nikiwafundisha kuomba kwa ufasaha kwamba Kristo atangulie kuonjwa katika saa ya kufa, na huku ujumbe wa mtu aliyekuwa katika saa hiyo hiyo, akiomba neno hilo hilo kwa lugha ya mama yake, nilikuwa nimeuweka kando. Sikuona jambo hilo. Hilo ndilo linalonitisha hata leo: sikuliona kabisa.

Niliondoka jua linapotua. Njia ilikuwa mbaya na pikipiki ilinizimikia mara moja. Nilipofika, watu walikuwa wamekaa nje, na ukimya wao ulinieleza kila kitu kabla sijashuka. Binti wa marehemu alinipokea mlangoni. Ndani, karibu na kitanda, palikuwa na meza ndogo. Walikuwa wameitandika kitambaa cheupe, wakaweka msalaba, glasi ya maji na mshumaa. Mshumaa ulikuwa umeungua hadi karibu na mwisho wake.

«Karibu, Padre,» alisema yule binti. «Alikungoja.»

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa kwa hasira, pengine ningekuwa nimekwisha kusahau. Nilisali nao sala za marehemu, kisha nikaondoka gizani na Hostia ile kifuani, nikairudisha tabernakulo. Nimepata kubeba mizigo mizito tangu siku hiyo, lakini sijabeba kitu kizito kama kile.

Kesho yake kwaya iliimba vizuri kupita kiasi. Wanaume waliingia mahali pao barabara. Askofu alinipongeza mbele ya watu wote, nami nikashukuru, na nikitazama chini.

Miaka kadhaa baadaye, nikisoma habari za siku za mwisho za Mozart, nilikuta jambo lililonifanya nifunge kitabu. Usiku wa tarehe 4 Desemba 1791, miezi isiyotimia sita tangu aandike wimbo ule wa Baden, Mozart alikuwa kitandani kwake Vienna akikaribia kufa. Constanze akamwomba mdogo wake, Sophie, aende kwa mapadre wa kanisa la Mtakatifu Petro, amsihi mmojawao aje, kana kwamba anapita tu kumjulia hali. Sophie mwenyewe alisimulia tukio hilo katika barua ya mwaka 1825. Anasema mapadre wale walisitasita kwa muda mrefu, na kwamba alipata taabu kubwa kumshawishi mmoja wao. Nao anawataja kwa maneno makali ambayo padre hapendi kuyasoma. Mozart alifariki baada ya saa sita za usiku, tarehe 5 Desemba.

Mtu aliyewaandikia Wakristo wa ulimwengu mzima ombi la kupata masurufu ya safari ya mwisho, alipofikia safari hiyo, watumishi wa altare walisitasita. Ningependa kuwahukumu. Lakini mkono wangu hauna jiwe.

Kanisa, ambalo ni mama mwenye uzoefu, lilijua kwamba mapadre watakuwa na mazoezi ya kwaya, na vikao, na uchovu, na mashaka. Ndiyo maana Sheria ya Kanisa, kanuni ya 922, inaagiza kwamba masurufu matakatifu kwa wagonjwa yasicheleweshwe mno, na kwamba wachungaji wa roho wahakikishe wagonjwa wanayapokea wakiwa bado na fahamu zao kamili. Kanuni hiyo nilikuwa nimefanyia mtihani na kufaulu.

Baada ya kuhangaika moyoni kwa majuma mawili, nilirudi kule kigangoni kuomba msamaha. Yule mama alinikaribisha, akanipa uji, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: «Padre, nimekusamehe, na mama naye nadhani amekusamehe. Lakini usifikiri alikufa na njaa. Alipokea Komunyo Ijumaa ya kwanza ya mwezi, katekista na Padre mwenzako walipopita. Na kabla hajaugua, alitembea kila Dominika kwenda kigangoni kwa miaka arobaini. Alikuwa amekwisha kuonja.»

Mama yule hajui Kilatini. Hakuwahi kusikia habari za «Ave verum» ila kwa kuambiwa kwamba ndiyo iliyonichelewesha. Lakini alilifafanua lile neno la kionjo kuliko profesa wangu yeyote. Wimbo hauombi tu kwamba Kristo aje dakika ya mwisho. Unaomba awe ametangulia kuonjwa, ili saa ile ikifika, ladha yake iwe si ngeni kinywani mwetu. Kila Komunyo ya Dominika ni maandalizi ya Komunyo ile moja. Anayepokea leo kwa imani na moyo uliosafishwa anajiwekea akiba ambayo hata padre mzembe hawezi kumnyang'anya.

Maneno hayo yalinifariji, lakini hayakunifutia kosa, wala yule mama hakuyasema kwa kusudi hilo. Kosa langu lilibaki kosa; nililiungama, nikaondolewa. Ila limeniachia desturi moja, nanyi mmeishaiona bila kujua chanzo chake: nikiitwa kwa mgonjwa, naondoka. Nimewahi kuwaacha mkiwa katikati ya kikao cha Halmashauri ya Walei, na baadhi yenu mlinung'unika. Sasa mnajua.

Nina maombi matatu kwenu.

La kwanza ni kwa wenye wagonjwa nyumbani. Msingoje hadi mgonjwa asiweze kumeza wala kutambua. Mwiteni padre mapema. Wapo wanaoogopa kwamba padre akionekana mlangoni, mgonjwa atakata tamaa. Si kweli. Mara nyingi mgonjwa anajua hali yake kabla yetu, naye anangoja tu mtu wa kumwambia kwamba inaruhusiwa kuitaja.

La pili ni kwa kwaya. Imbeni kama mwenye wimbo alivyoagiza, kwa sauti ya chini. Mkikosea pale ambapo wanaume wanafuata wanawake, msifadhaike, endeleeni. Na mtu akija kutuita katikati ya mazoezi, ninyi wenyewe mnikumbushe.

La tatu ni kwenu mlioniuliza kuhusu Kilatini. Nitasoma tafsiri ya maneno kwa Kiswahili kabla ya Komunyo, ili asiwepo mtu atakayeachwa nje ya sala hiyo. Kisha, waimbaji watakapofika mwisho na kunyamaza, nanyi nyamazeni. Katika ukimya huo mfikirieni mtu mmoja wa Jumuiya yenu ambaye Dominika hii hakuweza kufika kanisani kwa sababu ya maradhi au uzee, na mkirudi nyumbani mnipe jina lake. Mimi nitakuwa nikimfikiria bibi mmoja, na meza yenye kitambaa cheupe.

Mwenyezi Mungu awabariki nyote, na wagonjwa wetu awape nguvu. Tukutane juma lijalo.

Wenu katika Kristo,
Paroko